Mwalimu anauliza: nikiujua utamaduni wa mwanafunzi, je, nimeshamhukumu?

Swali

Nafundisha hesabu na sayansi katika shule yenye watoto wa rangi na asili mbalimbali. Katika ofisi ya walimu kila kundi limeshapewa sifa yake: hawa vichwa vya hesabu, wale wachangamfu ila hawatulii, wengine wapole wasio na la kusema, na wazazi wa fulani hawajali shule. Najitahidi nisibague. Lakini chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu mzuri anaujua utamaduni wa wanafunzi wake. Je, haya ni mambo mawili, au ni lilelile kwa jina jingine? Nina binti mmoja ambaye hajanyosha mkono tangu mwaka uanze, na kila mtu ananiambia, "Kwao ndivyo walivyo." Nikigundua kwamba na mimi nina dhana hizo kichwani, nifanye nini? Na wenzangu niwajibu vipi?

Jibu

Mwalimu, ni mambo mawili. Tofauti yake haimo katika habari uliyonayo kuhusu kundi la mtoto, imo katika kazi unayoipa habari hiyo. Ukiitumia kujirekebisha wewe, yaani kulitazama upya swali uliloliuliza, mfano ulioutoa, au namna ulivyousoma ukimya wa mtoto, hapo umeujua utamaduni wake na umefanya kazi yako. Ukiitumia kubashiri mtoto atapata ngapi, atafika wapi, atatulia au hatatulia, umeshambagua. Umembagua hata kama ulichombashiria ni kizuri, na hata kama unampenda.

Nianze na huko kubashiri, kwa sababu ndiko madhara yaliko, na kwa sababu walimu wengi wema hudhani madhara hayo hufanywa na watu wabaya.

Mwaka 2020 mtafiti David Quinn wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha jaribio ambalo napenda kulitumia na walimu, maana liko karibu sana na kazi yetu ya kila siku. Walimu zaidi ya 1,500 wa Marekani walipewa insha fupi ya mtoto wa darasa la pili. Mtoto anasimulia mwisho wa juma lake, na katika kusimulia anamtaja kaka yake. Baadhi ya walimu walipata insha ambayo kaka huyo anaitwa Dashawn, jina ambalo Wamarekani hulihusisha na watu Weusi. Wengine walipata insha ambayo anaitwa Connor, jina la Kizungu. Kilichobaki chote kilikuwa kilekile: makosa yaleyale ya tahajia, sentensi zilezile, kisa kilekile. Walimu walipoulizwa tu kama insha imefikia kiwango cha darasa hilo au haijafikia, mwenye kaka anayeitwa Connor alihesabiwa amefikia kiwango mara nyingi zaidi, kwa pengo la karibu pointi 5 za asilimia. Kisha walimu haohao wakapewa mwongozo wa kusahihisha wenye vigezo vilivyoandikwa wazi: je, mtoto amesimulia tukio kwa mpangilio, ametoa maelezo ya kutosha, na kadhalika. Kwa mwongozo huo pengo halikuonekana tena.

Lisome tena jaribio hilo taratibu. Jina moja ndani ya insha. Si picha ya mtoto, si historia yake, si tabia yake, ni jina la kaka. Na siamini kwamba wale walimu walikuwa waongo au wenye chuki. Waliulizwa swali lililolegea, "iko kwenye kiwango au haiko," na swali likilegea, pengo linalobaki hujazwa na kile ambacho mtu amekisikia maisha yake yote kuhusu watoto wenye majina ya aina hiyo.

Unaweza kusema kwamba pointi 5 si nyingi. Kwa insha moja, kweli si nyingi. Lakini mtoto haandiki insha moja, wala hasahihishwi na mwalimu mmoja.

Nchini Uingereza jambo hili lilipimwa kwa njia nyingine. Simon Burgess na Ellen Greaves walichukua matokeo ya watoto wa miaka 11, ambao kwa kila somo walikuwa na alama mbili: tathmini ya mwalimu wao, na mtihani uliosahihishwa na mtu wa nje asiyewajua. Walipolinganisha alama hizo, watoto Weusi wenye asili ya Karibiani na ya Afrika walikutwa wamepunjwa na walimu wao mara nyingi kuliko watoto Weupe. Watoto wenye asili ya India na China walikutwa wamepandishwa. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ukubwa wa pengo uliendana na jinsi watoto wa kundi hilo walivyofanya miaka ya nyuma. Kwa maneno mengine, mtoto alikuwa akisahihishwa pamoja na wale waliomtangulia. Alama iliyoandikwa mbele ya jina lake kwa sehemu ilikuwa ya watu wengine.

Na Marekani, utafiti wa Seth Gershenson na wenzake uliotoka mwaka 2016 ulitumia takwimu ambazo mwanafunzi mmoja alikuwa ametolewa maoni na walimu wake wawili wa masomo tofauti. Mwanafunzi Mweusi yuleyule akiwa na mwalimu mmoja Mweusi na mwingine Mweupe, yule Mweupe alikuwa na uwezekano mdogo, kwa karibu asilimia 30, wa kutarajia kwamba mwanafunzi huyo atamaliza shahada ya miaka minne.

Hapa nitahadharishe kidogo. Kwenye semina utasikia sana habari za Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, waliochapisha mwaka 1968 matokeo ya jaribio lao katika shule moja ya msingi California. Waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, ambao kwa kweli walichaguliwa kwa bahati nasibu, wangechanua mwaka huo, na baadhi yao, hasa wa madarasa ya chini kabisa, wakapanda kweli. Wawezeshaji wengi huligeuza jaribio hili kuwa muujiza, kwamba ukimwamini mtoto atafaulu, basi. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba nguvu ya matarajio ya mwalimu ipo lakini kwa kawaida ni ya wastani, na kwamba mara nyingi walimu huwasoma wanafunzi wao vizuri tu. Ila mapitio ya Lee Jussim na Kent Harber ya mwaka 2005 yanasema jambo moja ambalo semina nyingi huliruka: nguvu hiyo inaweza kuwa kubwa zaidi kwa watoto wa makundi yanayodharauliwa. Mtoto ambaye dunia nzima imeshambashiria mabaya ndiye ambaye ubashiri wa mwalimu wake unamwelemea zaidi.

Matarajio hayaruki hewani kutoka kichwa cha mwalimu hadi kwenye alama za mtoto. Yanapita kwenye vitendo vidogo ambavyo unaweza kuviona ukivitafuta. Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi na mwaka 1974 akaeleza alichokikuta: baada ya kuuliza swali, walimu walisubiri kwa wastani wa sekunde moja hivi kabla ya kumpa mwingine au kujibu wenyewe. Na hata hiyo sekunde haikugawiwa sawasawa. Wanafunzi ambao mwalimu aliwaona bora walisubiriwa karibu mara mbili ya wale aliowaona dhaifu. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, na watoto waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Wewe unafundisha sayansi. Hesabu kimoyomoyo kesho, uone nani unampa sekunde tatu na nani unampa nusu.

Kuna na upunjaji mwingine unaovaa sura ya huruma, na huu huwa mgumu kuuona kwa sababu mtendaji wake anajisikia mwema. Kent Harber aliwapa wanafunzi Weupe wa chuo insha mbovu waitolee maoni. Walioamini kwamba mwandishi ni Mweusi walimsifu zaidi na kumkosoa kidogo zaidi kwenye hoja zake. Hawakutaka kumuumiza. Lakini mtu asiyeambiwa kwamba hoja yake imekatika katikati ataijuaje? Yule aliyekosolewa ndiye aliyefundishwa. Ukijikuta unaandika "kazi nzuri" kwenye daftari la mtoto fulani ambayo ingekuwa ya mwingine ungeijaza wino mwekundu, jiulize ni kwa nini.

Sasa hawa "vichwa vya hesabu." Najua wenzako wanadhani huko ni kusifu. Huko nako ni kubashiri, na historia yake inafaa kujulikana. Nchini Marekani dhana ya Waasia kama kundi la mfano wa kuigwa ilienea kuanzia mwaka 1966, mwanasosholojia William Petersen alipoandika katika jarida la New York Times makala ya kuwasifu Wamarekani wenye asili ya Japani. Miaka 24 tu kabla ya hapo serikali ya nchi hiyo ilikuwa imewafungia watu haohao kambini. Sifa hiyo ikawa fimbo ya kuwachapia Weusi: wenzenu wameweza, ninyi mna nini? Aidha, sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilifungua mlango kwa wataalamu wengi kutoka Asia, madaktari na wahandisi, na watoto wao wakafanya vizuri kama watoto wa madaktari na wahandisi wa popote. Wakimbizi wa Laos na Kambodia waliofika baada ya mwaka 1975, wengi wao wakulima waliotoka vitani, walihesabiwa ndani ya kundi hilohilo la "Waasia." Mtoto wa Kihmong, yaani wa jamii mojawapo ya wakimbizi hao wa Laos, aliyekwama kwenye sehemu na desimali akakaa darasani bila kuulizwa kitu, kwa kuwa sura yake ilishajibu kwa niaba yake. Darasani kwako pia yumo mmoja wa namna hiyo, nina hakika. Mtafute. Mtoto anayedhaniwa anajua haombi msaada kwa urahisi.

Watoto hao hubashiriwa upande wa pili pia, kwamba wanakariri tu, hawaelewi. Watafiti waliokwenda kuwasikiliza wanafunzi wa Kichina, akiwemo Ference Marton, walikuta wengi wao hurudia jambo ili walielewe zaidi, kila marudio yakifungua kitu kipya. Mwalimu aliyeona midomo inatembea akadhani amekwisha kuona na kilichomo kichwani.

Nisogee sasa mahali ambapo dhana hizi hugeuka kuwa mlango unaofungwa. Jijini San Francisco, mwaka 1971, familia za watoto Weusi zilikwenda mahakamani kwa sababu watoto wao walikuwa wamepelekwa kwenye madarasa ya wenye mtindio wa ubongo kwa kutegemea majaribio ya akili. Wanasaikolojia Weusi waliwapima tena watoto hao, wakitumia maneno na mambo wanayoyajua na wakiwapa nafasi ya kutulia, na watoto wakavuka kiwango kilichokuwa kimewatupa nje. Jaji Robert Peckham alipozipa haki familia hizo katika hukumu yake ya mwaka 1979 alikuwa na takwimu mezani: watoto Weusi walikuwa karibu asilimia 10 ya wanafunzi wa California, lakini karibu robo ya wale wa madarasa hayo.

Miaka ikapita, bara likabadilika, kisa kikawa kilekile. Mjini Ostrava, Jamhuri ya Czech, kati ya mwaka 1996 na 1999, watoto wa jamii ya Roma (jamii ya wachache iliyoenea Ulaya, si watu wa mji wa Roma) walipelekwa kwenye shule maalumu za watoto wenye upungufu wa akili. Familia za watoto 18 zikafungua kesi. Takwimu zilionyesha kwamba katika mji huo mtoto wa Kiroma alikuwa na uwezekano mara 27 zaidi wa kuwekwa katika shule hizo kuliko mtoto asiye Mroma. Serikali ilijitetea kwamba wazazi waliridhia, na saini zao zipo. Tarehe 13 Novemba 2007, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwa kura 13 dhidi ya 4 kwamba huo ni ubaguzi, na kwamba saini ya mzazi haiwezi kuhalalisha mtoto wake kubaguliwa, hasa pale ambapo mzazi hakuelezwa vya kutosha alichokuwa anakisaini na njia nyingine zilizokuwepo.

Nimeitaja hoja ya saini kwa makusudi, kwa sababu inahusu maneno ya ofisini kwenu kwamba wazazi wa fulani hawajali. Mzazi asiyehudhuria kikao, asiyeuliza, anayekubali kila anachoambiwa na shule, husomwa haraka kama asiyejali. Mwanasosholojia Annette Lareau alifuatilia familia za wafanyakazi wa kipato cha chini nchini Marekani, akakuta wengi waliamini kwamba elimu ni kazi ya mwalimu kama matibabu yalivyo kazi ya daktari, na kwamba kuingilia ni kukosa adabu. Walimu nao walingoja mzazi aingilie ili wajue anajali. Kila upande ukingoja heshima ya namna yake, na mtoto akiwa katikati. Mpigie simu mzazi kabla hujamwandikia hukumu. Mpigie kumweleza jema alilofanya mtoto, si pale tu alipokosea.

Hapo nimeanza kuingia upande wa pili wa swali lako, yaani matumizi mema ya utamaduni, na yule binti yako.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaanthropolojia Susan Philips alikaa na Wahindi Wekundu wa Warm Springs, Oregon. Shuleni watoto wao walijulikana kwa ukimya: mwalimu akimwita mmoja asimame ajibu mbele ya darasa, hasemi. Walimu waliandika kwamba ni waoga au hawajui. Philips akatazama zaidi. Watoto haohao wakiwekwa kwenye vikundi vya kujiendesha wenyewe, au wakizungumza na mwalimu mezani kwake ana kwa ana, waliongea vizuri na kazi zilikwenda. Nyumbani kwao mtu hajifunzi kwa kukosea hadharani. Anatazama, anajaribu pembeni, akishaweza ndipo anaonyesha. Mwalimu mmoja kumwita mtu mmoja mbele ya wote kulikuwa kwao jambo geni na la kuaibisha.

Zingatia Philips alichokifanya na habari hiyo. Hakusema "hawa ni watoto wakimya." Alisema darasa limepangwa kwa namna inayowanyamazisha, na akaonyesha mpangilio ambao hauwanyamazishi. Habari ya utamaduni ilimgeukia mwalimu.

Mtafiti wa lugha Shirley Brice Heath alifanya jambo linalofanana na hilo miaka ya 1970 katika majimbo ya Carolina. Watoto wa jumuiya moja ya Weusi walikuwa wanakaa kimya mwalimu akiuliza, "Hii ni rangi gani?" huku rangi iko mbele ya macho ya wote. Kwao mtu mzima haulizi jambo analolijua tayari. Anauliza asichokijua, au anauliza kitu hiki kinafanana na kipi. Walimu walipoanza kuweka picha za mtaani na kuuliza kunatokea nini hapa, umewahi kufika, panafanana na wapi, watoto wakafunguka, kisha taratibu wakafundishwa na yale maswali ya shule, kwa kuelezwa wazi kwamba shuleni huulizwa hivyo. Hiyo sehemu ya mwisho isikuponyoke. Kumwelewa mtoto hakukuondolei wajibu wa kumfundisha kile ambacho mtihani utamdai.

Kwa binti yako, basi, acha kabisa swali la "kwao wakoje" na uanze na lake mwenyewe. Angalia daftari lake. Je, hesabu zake zinaonyesha anafuata? Ndani ya kundi la watatu au wanne anaongea? Akija mezani kwako akiwa peke yake? Wape wanafunzi wote dakika mbili waandike jibu kabla yeyote hajasema, kisha wasomeane wawili wawili, kisha ndipo uulize darasa. Ukimya una sababu nyingi ambazo hazina rangi: lugha ya kufundishia inamsumbua, hasikii vizuri, hasomi ubao kutoka alikokaa, alichekwa siku moja akakoma, nyumbani kuna msiba, au ni mtu wa maneno machache kama walivyo watu wengi wa kila asili. Ukikubali kwamba ni mambo ya kwao, mtoto mwenye tatizo la masikio atamaliza mwaka bila kupimwa. Muulize faraghani, kwa upole, ni namna gani ingekuwa rahisi kwake kuonyesha anachokijua. Watoto huwa na jibu.

Jambo moja lazima nilipinge waziwazi, kwa kuwa linafundishwa vyuoni likiitwa kuheshimu utamaduni: ule usemi kwamba watoto wa asili fulani hujifunza kwa vitendo, wengine kwa kusikia, wengine kwa kuona. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walipitia utafiti wote kuhusu mitindo ya kujifunza, wakakuta hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa mtindo unaodaiwa kuwa wake kunamfanya ajifunze vizuri zaidi. Kama hilo halijathibitika kwa mtu mmoja mmoja, kulibandika kwa taifa zima ni kuurudisha ubaguzi wa zamani ukiwa na lugha ya heshima. Watoto wote wanahitaji kuona, kusikia, kushika na kuandika.

Unauliza ufanye nini ukizikuta dhana hizo kichwani mwako. Utazikuta, sote tunazo, na kuzijua kunasaidia: nchini Italia walimu walioonyeshwa matokeo ya kipimo cha mielekeo yao kuhusu wahamiaji kabla ya kutoa alama waliwapa watoto wa wahamiaji alama bora kuliko walimu ambao hawakuonyeshwa. Lakini usingoje moyo wako utakate ndipo utende haki. Badilisha utaratibu, maana utaratibu unamlinda mtoto hata siku ambayo umechoka.

Kusahihisha ndiyo rahisi kuliko yote. Majina yaandikwe nyuma ya karatasi, vigezo viandikwe kabla hujaona kazi ya yeyote, na usahihishe swali la kwanza kwa wote kabla ya kwenda la pili. Kwenye kuchagua wanafunzi wa kundi la juu, usitegemee mapendekezo. Wilaya moja kubwa ya shule katika jimbo la Florida, mwaka 2005, iliacha kungoja walimu na wazazi wapendekeze watoto wa programu ya wenye vipaji, ikawapima wote wa darasa la pili. Kwa hesabu za David Card na Laura Giuliano, idadi ya watoto Weusi walioingia iliongezeka kwa karibu asilimia 80, na ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa karibu asilimia 130. Vipaji hivyo vilikuwepo siku zote. Fedha zilipopunguzwa na upimaji huo ukasimamishwa, mafanikio hayo yakarudi nyuma.

Nidhamu ni ngumu zaidi, kwa kuwa huamuliwa papo hapo na kwa hasira. Jason Okonofua na Jennifer Eberhardt wa Stanford waliwapa walimu taarifa ya mwanafunzi aliyefanya kosa dogo, kisha jingine siku chache baadaye. Kwa kosa la kwanza jina la mwanafunzi halikuleta tofauti kubwa. Kwa kosa la pili, mwenye jina linalosikika kuwa la Mweusi alitakiwa kuadhibiwa vikali zaidi, na walimu waliona kwamba hiyo sasa ni tabia yake. Kwa hiyo lichunge kosa la pili. Kabla hujasema "wewe kila siku," fungua kumbukumbu uone ni siku ngapi kweli, na mwenzake aliyefanya vivyo hivyo ulimfanya nini.

Na unapomkosoa mtoto ambaye ana sababu ya kushuku kwamba unamdharau, mwambie kwa nini unamkosoa. Katika jaribio la David Yeager na wenzake lililochapishwa mwaka 2014, walimu wa darasa la saba walikosoa insha kama kawaida, na kwa baadhi ya wanafunzi kikabandikwa kikaratasi kinachosema maoni haya yametolewa kwa sababu mwalimu anategemea makubwa kwako na anajua utayafikia. Miongoni mwa wanafunzi Weusi, waliorudia insha yao kwa hiari walitoka asilimia 17 wakafika 72. Wanafunzi walikuwa wachache, hivyo usizichukue namba hizo kama ahadi. Lakini kikaratasi hakina gharama, mradi maneno yake uwe unayamaanisha na ukosoaji wenyewe uwe wa kweli.

Kuhusu wenzako, usiwahutubie. Mwalimu akiitwa mbaguzi mbele za watu atajitetea tu, na kesho ataendelea akiwa amenyamaza. Akisema "hawa hawatulii," muulize ni nani hasa, amtaje kwa jina, na ilikuwa kipindi gani. Akisema "wale ni wazuri wa hesabu," muulize nani kati yao alipata chini ya nusu kwenye jaribio lililopita, na amesaidiwaje. Uliza kwa nia ya kutaka kujua, si kwa kumtega. Wengi watafungua daftari la alama, na wakishalifungua mazungumzo yanakuwa ya watoto wenye majina. Kama mkuu wa idara anakusikiliza, mwombe mambo mawili kabla ya muhula ujao: wanafunzi wote wafanye jaribio moja la kupangwa makundi, lisahihishwe bila majina, na kila anayependekezwa kushushwa kundi au kupelekwa elimu maalumu awe amepimwa kwanza macho, masikio na lugha anayoielewa.